Jina la hospitali lavuta madaktari wapya Marekani

KILA Machi, wanafunzi wanaohitimu udaktari nchini Marekani hujua hospitali watakamofunzwa ubingwa kwa miaka mitatu au zaidi. Kompyuta huwapangia kwa kulinganisha orodha zao na za hospitali, na matokeo huwafunga.

Katika kuandaa orodha hiyo, wengi hutazama ngazi za ubora zinazochapishwa tangu 2014 na Doximity, mtandao wa madaktari. Ngazi hizo hutokana na madaktari kutaja vituo wanavyovienzi. Si lazima mtajaji awe amewahi kukanyaga huko. Basi chenye jina hutajwa, kikapanda, kikatajwa tena. Kura hizo hazisemi mwanafunzi atashika kisu mara ngapi, wala nani atamsimamia zamu ya usiku. Hayo wanayajua wanaofunzwa humo sasa.