Habari ya Kushitua na Njia ya Shambani

Siku moja baada ya sala ya Adhuhuri jamaa yetu alitupigia simu akitueleza kwamba ndugu yetu mdogo ameuza shamba la mikarafuu tulilorithi kwa marehemu baba, wala hakutushauri. Ghadhabu ilitupanda, tulikaribia kumpigia ili tumkane.

Tukakumbuka Hadithi aliyoipokea Abu Dharr (r.a.), iliyomo katika Sunan Abu Dawud, ambamo Mtume (s.a.w.) anamwelekeza aliyeghadhibika hali amesimama aketi, na isipomwondoka ajilaze. Yaani abadili hali yake kabla ya kutenda. Basi tuliiacha simu nyumbani, tukashika njia ya shambani kwa miguu.

Njiani upepo ulileta harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini. Tulipofika chini ya mikarafuu aliyoipanda baba, kifua kilikuwa kimetua, na aya ya 6 ya Suratul Hujurat ikatujia: habari ya asiyeaminika ihakikishwe, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Jamaa yetu hatumtuhumu, lakini naye alisikia tu, hakushuhudia.

Jioni tulimpigia ndugu yetu, tukaanza kwa salamu. Hakuuza, aliliweka rehani apate fedha za kumtibu mkewe, akaona haya kutuambia. Alikosea kutotushauri, nasi tulikosea kuwa mbali naye hata asithubutu kusema. Deni hilo tunalilipa sote.

Basi habari ikikushitua, tembea kwanza, kisha uliza. Udugu hukatwa kwa neno moja, na kuuunga ni kazi ya miaka.

Wallahu a'lam.