Sikio Kabla ya Jicho: Kutazama Ndege Majira ya Kuchipua Yanapoingia

Matembezi ya kutazama ndege ni safari fupi ya miguu ambamo mjuzi huwafundisha wageni kuwatambua ndege kwa umbo, mwendo na sauti. Nchini Uingereza, wakati unaomfaa zaidi anayeanza ni Machi na mapema Aprili. Miti mingi bado haina majani, hivyo ndege aliye tawini huonekana wazi. Waimbaji nao bado ni wachache, na sikio huweza kuwazoea mmoja mmoja.

Wanaotangulia kuimba ni wakazi wa mwaka mzima. Mchana unaporefuka, homoni za uzazi huamka, na dume huimba ili kulinda eneo lake na kuvuta jike. Mmoja wao, Turdus philomelos, hurudia kila kipande cha wimbo mara mbili hadi nne kabla ya kushika kingine. Jamaa yake mweusi, Turdus merula, huimba taratibu kwa sauti nzito, bila marudio hayo. Parus major hupokezanisha noti mbili, moja juu na nyingine chini, kama pampu ya baiskeli.

Katikati ya Machi huwasili chifchafu (Phylloscopus collybita), kutoka nchi za Mediterania na Afrika Magharibi. Baadaye hufuata Phylloscopus trochilus, aliyekaa kipindi cha baridi kusini mwa Sahara. Kwa macho wawili hao ni kama mapacha, ila miguu ya chifchafu kwa kawaida ni myeusi zaidi. Sauti huwatenganisha papo hapo: chifchafu hutamka jina lake, "chif-chaf", bila kuchoka, na mwenzake hupiga mluzi laini unaoteremka. Kasisi Gilbert White wa Selborne aliwatofautisha kwa nyimbo zao katika karne ya 18, na kitabu chake kuhusu viumbe wa kijiji hicho kilichapishwa mwaka 1789.

Matembezi huanza alfajiri, upepo ukiwa umetulia na nyimbo zimepamba moto. Mwongozaji husimama mara kwa mara, akawaacha watu wasikilize kwanza, kisha waonyeshe sauti inakotoka. Darubini inayofaa wengi ni ya 8×42: hukuza mara 8, na kipenyo cha milimita 42 cha lenzi ya mbele huingiza mwanga wa kutosha. Mtazamaji humkazia ndege macho, kisha huinua darubini bila kuyahamisha.

Huu pia ni wakati wa kujenga viota. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kwa makusudi kiota kinachotumika. Waongozaji waangalifu huepuka pia kupiga nyimbo zilizorekodiwa, kwa kuwa dume huacha kula akamtafute mpinzani asiyekuwepo.

Ifikapo Mei, majani huwa yamefunga matawi na wahamiaji wengi wamekwisha kufika. Aliyezizoea sauti za wenyeji tangu Machi huitambua upesi ile ngeni.