Kazi Ngumu ni Kuingia Ndani ya Seli

Siko seli sasa ina tiba inayofanya kazi kwenye jeni zenyewe. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu kwenye dirisha la maabara ninapofanyia kazi, hapa Tanga, wazazi huniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaliogopa jibu: "Kaka, tumesikia Marekani wameipata dawa. Ni kweli, au ni maneno ya mitandaoni?"

Ni kweli. Tarehe 16 Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, na Marekani ikafuata tarehe 8 Desemba mwaka huohuo. Katika majaribio yaliyotumika kuiombea kibali Marekani, wagonjwa 31 walikuwa wamefuatiliwa muda wa kutosha kupimwa matokeo. 29 kati yao walikaa angalau mwaka mzima bila yale maumivu makali yanayomlaza mtu wodini. Anayeyajua maumivu hayo hatahitaji kuelezwa uzito wa habari hiyo. Mimi nayajua kwa kuyaona. Mtoto wa dada yangu alivimba viganja na nyayo akiwa bado anatambaa, bibi yake akadhani ni baridi na kumkanda kwa mafuta usiku kucha. Damu yake niliitazama mwenyewe kwenye darubini.

Tatizo linaanzia mahali padogo mno. Jeni inayouelekeza mwili namna ya kutengeneza beta-globini ina herufi moja iliyokosewa: palipotakiwa A pameandikwa T. Kwa sababu hiyo asidi amino moja kwenye mnyororo wa protini hubadilishwa na nyingine, na himoglobini ikipungukiwa oksijeni hugandamana, chembe nyekundu ikajikunja na kuziba mishipa midogo. Badiliko hilo la asidi amino lilionyeshwa na Vernon Ingram, huko Cambridge, mwaka 1956. Kuhusu kuenea kwake katika nchi zetu, Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alieleza mwaka 1954: aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui siko seli, na malaria haimwangushi kirahisi. Taabu huja mtoto anapoirithi kwa baba na kwa mama.

Sasa piga hesabu. Kosa lilijulikana 1956, tiba ya kulikabili kwa njia ya jeni ikaidhinishwa 2023. Sehemu kubwa ya muda huo imeliwa na swali moja ambalo magazeti hulipita haraka: dawa ya jeni unaifikishaje ndani ya seli?

Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta. Vinasaba na RNA ni vitu vikubwa, vyenye chaji hasi ya umeme, na hupenda maji. Utando wa mafuta haviwezi kuupenya. Hata kabla ya kuufikia, damuni mna vimeng'enya vinavyovikatakata. Protini nyingi nazo haziingii. Ndiyo maana hakuna kidonge cha jeni.

Watafiti walianza kuvifikiria virusi, maana virusi visipoingia ndani ya seli haviwezi kuzaana. Unaviondolea jeni za kuleta ugonjwa, unapachika ile unayoitaka. Mwaka 1990, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, mtoto wa kike wa miaka 4 aliyezaliwa na upungufu wa kinga alirudishiwa chembe zake nyeupe za damu zikiwa zimetiwa jeni kwa njia hiyo. Matumaini yalipanda haraka kuliko maarifa. Septemba 1999 Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 aliyekuwa na ugonjwa wa kurithi wa ini, aliwekewa virusi vya adeno katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kinga ya mwili wake ilivishambulia kwa ghadhabu, viungo vikashindwa kimoja baada ya kingine, akafariki siku 4 baadaye. Miaka hiyohiyo, jijini Paris, watoto waliozaliwa bila kinga walitibiwa wakapata nafuu ya ajabu, kisha baadhi yao wakaugua saratani ya damu, kwa kuwa virusi vilikuwa vimeipachika jeni mpya jirani na jeni inayochochea seli kukua. Wagonjwa hawa wanastahili kukumbukwa kila tunaposoma habari njema za leo.

Virusi vinavyotumika sana sasa, aina ya AAV, ni vipole zaidi. Ndivyo vinavyobeba Luxturna, dawa ya upofu fulani wa kurithi, na Zolgensma, ya ugonjwa unaodhoofisha misuli ya watoto wachanga. Lakini mzigo wake ni mdogo, herufi 4,700 hivi tu, na mwili uliokwisha kukutana navyo hutengeneza kingamwili za kuvikamata.

Njia ya pili ilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1988 makundi mawili ya watafiti Marekani yaligundua kwamba protini moja ya virusi vya UKIMWI, iitwayo Tat, ikiwekwa tu kwenye chombo chenye seli huingia yenyewe. Baadaye ilibainika kuwa uwezo huo umo katika kipande kifupi chake, yaani peptidi, mnyororo wa asidi amino chache zilizojaa arginini. Arginini ina chaji chanya, uso wa seli una chaji hasi, hivyo hunata. Ukiifunga dawa kwenye peptidi ya namna hiyo, huvutwa ndani pamoja nayo. Tangu hapo peptidi nyingi za kubeba dawa zimetengenezwa. Shida yao ni kwamba seli haiwaachii wageni hao nafasi ya kutembea. Huwameza ndani ya kifuko kiitwacho endosomu, na sehemu kubwa ya mzigo hubaki humo hadi iharibiwe, kama mgeni aliyekaribishwa barazani kisha akakuta mlango wa kati umefungwa. Kutoka kwenye kifuko kile bila kuiua seli ni kazi ambayo maabara nyingi zinaihangaikia hadi leo, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili fedha nyingi kuliko ugunduzi wa jeni mpya.

Njia ya tatu ni vitone vidogo sana vya mafuta, vilivyotengenezwa hivi kwamba vikifika ndani ya kifuko, penye asidi, hubadili chaji na kukipasua. Dawa ya kwanza ya RNA kubebwa hivyo, patisiran, iliidhinishwa Agosti 2018 kwa ajili ya ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva. Mwaka 2025 madaktari wa Philadelphia walitangaza kwamba mtoto mchanga aitwaye KJ, aliyezaliwa na ini lisiloweza kuondoa amonia, alitibiwa kwa vitone vya mafuta vilivyobeba zana ya kurekebisha kosa lake yeye mwenyewe, herufi moja, kwa dripu. Ilitengenezwa kwa ajili yake ndani ya miezi 6.

Wazazi wakisikia hilo huniuliza mbona basi siko seli isitibiwe kwa dripu. Vitone hivyo vikiingia damuni huvikwa protini iitwayo apolipoprotini E, na ini limezoea kuipokea protini hiyo siku zote, hivyo mzigo mwingi huishia huko. Siko seli haikai kwenye ini. Chembe zake hutengenezwa kwenye uloto, ndani ya mifupa, na seli shina zinazozaa damu ni chache, zimejificha huko.

Watengenezaji wa Casgevy walilikwepa tatizo hilo kwa kuzitoa seli nje ya mwili. Seli shina za mgonjwa huchujwa kutoka kwenye damu na kupelekwa maabara. Huko hupigwa mpigo mfupi wa umeme unaotoboa utando kwa muda, mkasi wa kukata vinasaba, uitwao CRISPR, ukaingia. Kinachokatwa si ile herufi iliyokosewa. Hukatwa swichi ya jeni iitwayo BCL11A, ambayo kazi yake ni kuizima himoglobini tuliyoitumia tumboni mwa mama. Swichi ikikatwa, himoglobini ya tumboni hurudi, nayo haigandamani. Ni wazo zuri sana. Ila kabla ya kurudishiwa seli zake mgonjwa hupewa busulfani, dawa kali inayoua uloto wa zamani na inayoweza kumnyima uwezo wa kuzaa, kisha hukaa hospitalini wiki kadhaa akiwa hana kinga. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya bilioni 5 za shilingi zetu, kwa mtu mmoja. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye siko seli kila mwaka.

Kwa hiyo nikitaka kujua kama tiba itamfikia mpwa wangu, nasoma habari za vibebaji vya dawa kwanza. Mwaka 2023 watafiti wa Philadelphia walivifunga vitone vya mafuta kwenye kingamwili inayozitambua seli shina za damu, wakazifikia ndani ya uloto wa panya bila kuzitoa nje. Panya si mtu, lakini njia hiyo ndiyo inayoweza kuishia kwenye dripu katika hospitali ya mkoa. Mwaka 2019 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Wakfu wa Gates walitangaza kutenga dola milioni 100 kila upande kwa tiba za jeni za siko seli na VVU zitakazowezekana pia Afrika kusini mwa Sahara. Kwa sasa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto kwa watoto wanaopata ndugu wa kuwachangia.

Mzazi mwenzangu, usikae ukiisubiri dripu hiyo. Ipo hidroksiyurea, dawa ya kumeza kila siku, ambayo huiamsha himoglobini ileile ya tumboni. Molekuli yake ni ndogo, haihitaji virusi wala mafuta ya kuibeba hadi ndani ya seli. Utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa watoto wanaoitumia hupata maumivu machache, malaria kidogo na vifo vichache. Mpime mtoto mapema, na kama kuna historia ya ugonjwa kwenye ukoo usisubiri avimbe viganja. Akikutwa nao, muulize daktari kuhusu penisilini ya kumkinga na maambukizi hadi afike miaka 5, na umuulize waziwazi kuhusu hidroksiyurea.