Je, Wajua? Jackie Chan, Steringi Anayeumia

Aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua kanuni: steringi hafi, na akipigwa hasikii. Anakula rungu la mgongo, anajipangusa vumbi, halafu ngumi moja tu adui yuko chini. Jackie Chan aliivunja kanuni hiyo mbele ya macho yetu, nasi tukacheka bila kujiuliza kwa nini. Akimtandika mtu ngumi ya taya, yeye mwenyewe hukunja uso na kuukung'uta mkono. Wakimzidi, hutimua mbio, huparamia ukuta, hurusha kiti, hujifanya anaomba msamaha. Kwa maoni yangu hakuna mwigizaji wa mapigano aliyeyatangaza maumivu yake kama yeye, na mengi ya maumivu hayo hayakuwa ya kuigiza.

Je, wajua kwamba nusura agawiwe akiwa kichanga? Alizaliwa Hong Kong tarehe 7 Aprili 1954, akapewa jina Chan Kong-sang, akiwa na uzito wa zaidi ya kilo 5. Mama alijifungua kwa upasuaji, na baba, mpishi kwenye makazi ya balozi mdogo wa Ufaransa, hakuwa na fedha ya kulipa. Jackie mwenyewe husimulia kwamba daktari alikuwa tayari kulisamehe deni endapo angepewa mtoto. Baba akaenda kukopa kwa marafiki.

Baba huyo huyo baadaye alipata kazi ya upishi katika ubalozi wa Marekani mjini Canberra, Australia. Mtoto akabaki Hong Kong mikononi mwa Mwalimu Yu Jim-yuen, mwenye chuo cha opera ya Kichina, kwa mkataba wa miaka 10. Wanafunzi waliamka alfajiri na kusimama kwa mikono hadi misuli itetemeke. Walifundishwa sarakasi, kuimba, mapanga na mikuki, na fimbo ilikuwa sehemu ya somo. Malipo ya maonyesho yao yaliingia mfukoni mwa mwalimu. Kusoma na kuandika kulipewa nafasi ndogo sana, na hata uzeeni Jackie amekiri kwamba vitabu vinamtesa. Alipata hata hivyo ndugu wa maisha: wanafunzi wenzake Sammo Hung na Yuen Biao, ambao mashabiki wa kanda za zamani hawahitaji kuelezwa ni akina nani.

Tatizo ni kwamba walipohitimu, opera ilikuwa imeshakosa watazamaji. Vijana waliobobea katika kuruka na kuanguka walibaki na soko moja tu, filamu, na humo kazi yao ilikuwa kuumia kwa niaba ya steringi.

Ndiyo maana ukiitazama tena Fist of Fury ya mwaka 1972, pale mwishoni Bruce Lee anapompiga teke yule mkubwa wa Wajapani akapaa hadi bustanini, anayepaa si mwigizaji uliyekuwa ukimwona. Ni Jackie, hajafikisha hata miaka 20. Mwaka uliofuata, katika Enter the Dragon, yumo tena: ni yule mlinzi anayeshikwa nywele na kuvunjwa shingo. Wakati wa kupiga picha hizo, rungu la Bruce lilimpata kichwani kweli. Jackie amesimulia kwamba kamera iliposimama, Bruce alimkimbilia kumwomba radhi, naye, ingawa maumivu yalikuwa yamekwisha, akaendelea kugugumia ili nyota yule asimwachie upesi.

Bruce alifariki Julai 1973. Watayarishaji wa Hong Kong walihaha kumtafuta mwingine, na kila kijana mwenye kifua alipewa jina la kufanana naye. Jackie kazi ilimkauka, akawafuata wazazi Canberra na kuajiriwa kwenye ujenzi. Fundi aliyempokea aliitwa Jack. Jina la Kong-sang liliwashinda wenzake kutamka, wakamwita Jack mdogo, na kutoka hapo likazaliwa hili tunalolijua. Alikuwa huko huko kwenye saruji na matofali telegramu ya Willie Chan, mtu wa filamu wa Hong Kong, ilipomfikia: kuna mwongozaji, Lo Wei, anataka kumfanya nyota.

Lo Wei alitaka Bruce mpya, basi. Alimvisha sura ya hasira na kisasi katika New Fist of Fury ya 1976, na filamu baada ya filamu ikaanguka. Bahati ilikuja pale alipoazimwa kwa kampuni nyingine kwa filamu mbili, zote za 1978: Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master, zikiongozwa na Yuen Woo-ping. Humo aliambiwa afanye atakavyo, akafanya kinyume cha kila kitu. Bruce alirusha teke juu, yeye akarusha chini. Bruce hakuonyesha kwamba anaumia, yeye akapiga kelele. Mwanafunzi wa Drunken Master ni mvivu, mtoro, anayedundwa na mwalimu mlevi. Hapo ndipo alipojipata.

Sasa tuje kwenye lile duka.

Police Story ya 1985 aliiongoza mwenyewe, kwa hasira ya filamu aliyokuwa ametoka kuicheza Marekani, The Protector, ambayo hakuipenda hata kidogo. Mwisho wa filamu uko ndani ya jengo la maduka lenye ghorofa kadhaa na uwazi katikati. Vioo vya kuvunjwa vilitengenezwa vinene kuliko kawaida ili mtu akipenya ionekane amepenya kweli, na watu wa kikosi chake wakaibatiza filamu nzima jina la hadithi ya vioo. Kisha likaja lile tukio: adui yuko chini, Jackie yuko juu, na katikati kuna nguzo ndefu ya chuma iliyozungushiwa taa za mapambo. Anairukia, anaikumbatia, anateremka huku taa zikipasuka na cheche kuruka, anatoboa paa la kioo na kutua sakafuni. Taa zilipaswa kupewa umeme mdogo wa betri. Mtu akaziunganisha na umeme wa jengo. Viganja viliungua, mgongo ukaumia, nyonga ikateguka. Ukiangalia vizuri, mara tu anapotua anainuka na kumvamia adui, kwa sababu mwongozaji wa filamu ni yeye na picha hiyo haikuwa ya kurudiwa. Sisi tulirudishiwa tukio hilo mara tatu mfululizo kutoka kona tofauti, na kibandani tulidhani mkanda umekwama.

Miaka miwili kabla, katika Project A, alikuwa amening'inia kwenye mshale wa saa ya mnara, heshima yake kwa mchekeshaji wa filamu bubu Harold Lloyd. Kisha akajiachia, akapasua vitambaa viwili vya kivuli na kutua kwa shingo. Alianguka mara tatu.

Lakini lililokaribia kumuua lilikuwa jambo la kitoto. Wakiwa Yugoslavia kwa ajili ya Armour of God, mwaka 1986, alitakiwa kuruka kutoka ukutani na kudaka tawi la mti. Mara ya kwanza ilikwenda salama. Hakuridhika, akarudia. Tawi likakatika, kichwa kikagonga jiwe, fuvu likapasuka na damu ikamtoka sikioni. Madaktari walimfanyia upasuaji, na tangu hapo ana tundu kwenye fuvu lililozibwa kwa plastiki, na sikio moja halisikii vizuri. Alipopona alirudi kuimalizia filamu.

Je, wajua zile picha za makosa zinazofuata mwisho wa filamu, ambazo waenda kibandani waliojua walibaki kuzisubiri wakati wengine wanakimbilia mlangoni? Wazo alilitoa Marekani. Alikuwa na nafasi ndogo katika The Cannonball Run ya 1981, akaona waigizaji wakionyeshwa mwishoni wakikosea na kucheka. Akalichukua, akalianza katika Dragon Lord ya 1982, ila picha zake zina machela na damu. Hakuna ushahidi mzuri zaidi ya huo kwa anayebisha kwamba ni uongo wa kamera.

Kilichokuwa cha kuigiza, mara nyingi, ni sauti. Filamu nyingi za Hong Kong wakati huo zilipigwa kimya, maneno yakaingizwa studio baadaye, tena si lazima na mwigizaji mwenyewe. Zikatiwa Kiingereza cha ajabu ajabu, zikavuka bahari. Huku kwetu zikapokelewa na mafundi wengine wa sauti: Lufufu kwa upande wa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, na wale wa vibanda vya Uganda kwa Kiganda. Kwa hiyo Jackie tuliyemsikia akitukana, akitania na kumtaja fundi baiskeli wa mtaani alikuwa mtu wa tatu au wa nne kumsemea. Hasara yetu ilikuwa ndogo. Ila tulikosa kujua kwamba ni mwimbaji hasa, mwenye albamu zake, na kwamba katika Mulan ya Disney ya 1998 nahodha Shang wa toleo la Kichina anasema na kuimba kwa koo la Jackie.

Rumble in the Bronx, iliyoongoza mauzo ya sinema Marekani ilipofika huko Februari 1996, haikupigwa Bronx. Ilipigwa Vancouver, Kanada, na milima inaonekana nyuma ya mtaa, ilhali New York haina mlima wa namna hiyo hata mmoja. Humo alivunjika kifundo cha mguu, akafungwa plasta, kisha plasta ikavishwa soksi iliyochorwa kama raba ili kazi iendelee. Na katika Who Am I? ya 1998 alikuja hadi barani kwetu: anapoteza kumbukumbu na kuokotwa na wanakijiji huko kusini mwa Afrika, kabla ya kwenda Rotterdam kuteleza kwenye ukuta mshazari wa jengo la ghorofa zaidi ya 20.

Hata tovuti ya Rotten Tomatoes, inayopima filamu kwa nyanya mbichi na mbovu, ilitokana naye. Senh Duong aliyeianzisha Agosti 1998 alikuwa shabiki aliyekuwa akikusanya maoni ya wahakiki kuhusu filamu za Jackie zilizokuwa zikiingia Marekani.

Kubwa kuliko yote pengine ni la nyumbani. Akiwa mtu mzima tayari, baba yake alimwambia kwamba ukoo wao si Chan bali ni Fang, kwamba aliwahi kuwa jasusi wa chama cha Kuomintang, na kwamba alikutana na mama alipomkamata kwa kusafirisha kasumba. Kila mmoja alikuwa ameacha watoto Uchina bara, kaka na dada ambao Jackie hakuwajua. Filamu ya kumbukumbu kuhusu jambo hilo ilitoka mwaka 2003.

Jackie si malaika, na katika kitabu chake amejisema vibaya kama mume na kama baba. Mwaka 2009 polisi wa Uchina walimteua balozi wa kupinga dawa za kulevya, na mwaka 2014 mwanawe Jaycee akakamatwa Beijing kwa kosa la dawa hizo hizo, akafungwa miezi sita. Jackie aliomba radhi hadharani.

Novemba 2016 alipewa Oscar ya heshima. Jukwaani alieleza kwamba miaka 23 nyuma aliiona sanamu hiyo nyumbani kwa Sylvester Stallone, akaishika, akaibusu, akainusa, na anaamini alama za vidole vyake bado ziko juu yake. Kitabu cha rekodi cha Guinness nacho kimemwandika kwa Chinese Zodiac ya 2012, ambamo peke yake anashika nafasi 15: mwigizaji, mwongozaji, mwandishi, mtu wa taa, mwimbaji wa wimbo mkuu, na kadhalika. Mojawapo ni msimamizi wa chakula cha wafanyakazi.