Vitz za Mtumba: Hesabu ya Swichi Isiyokaguliwa

Gari dogo la Kijapani lililokwishatumika ni bidhaa ya kawaida katika soko la Unguja. Toyota Vitz, IST na Honda Fit hununuliwa na wenye maduka, wafanyakazi wa ofisi na wanaotaka gari la kukodisha kwa wageni, kwa kuwa hula petroli kidogo na spea zake zinapatikana. Hata hivyo, ndani ya bei hiyo imo gharama ambayo wanunuzi wengi hawaipigii hesabu. Nayo ni kasoro ambazo viwanda vyenyewe vilikwisha kuzitangaza.

Oktoba 2012 Toyota iliita magari milioni 7.43 duniani kote yarejeshwe kwa mawakala kukaguliwa. Vitz, ambayo nchi nyingine huitwa Yaris, ilikuwemo. Chanzo kilikuwa swichi kuu ya vioo vya umeme iliyo mlangoni kwa dereva. Grisi yake haikupakwa sawasawa kiwandani, hivyo swichi huwa nzito au hukwama. Mtu akiipulizia mafuta ya kulainisha ya dukani, plastiki ya ndani inaweza kuyeyuka, ikatoa moshi na hata kuwaka. Oktoba 2015 ulitolewa wito mwingine wa magari milioni 6.5, yaliyotengenezwa kati ya 2005 na 2010. Safari hiyo ilielezwa kuwa unga unaotokana na kusuguana kwa sehemu za swichi unaweza kupiga shoti.

Honda nayo iliita magari 646,000 mwaka 2010, yakiwemo Fit, kwa sababu maji yanayoingia dirishani yaliweza kufika kwenye swichi na kuleta moto. Zaidi ya hayo, mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, iliyofungwa katika magari ya makampuni mengi, ilirejeshwa kwa mamilioni. Baruti yake huharibika kwa umri, joto na unyevu, na siku ya ajali mfuko unaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva.

Joto na unyevu Unguja si haba. Gari linalolazwa nje chini ya fleti za Kikwajuni hupigwa na jua la kiangazi, mvua ya masika na hewa ya chumvi ya bahari.

Kwa nini basi mnunuzi hapati habari? Barua ya wito hupelekwa kwa mmiliki aliyesajiliwa Japani. Gari likishafutiwa usajili na kupakiwa melini, barua haimfuati mwenye gari mpya. Cheti cha ukaguzi kinachosema gari linafaa barabarani si ushahidi kwamba kazi ya wito ilifanywa.

Wakati mzuri wa kudai ni kabla ya kulipa. Mnunuzi achukue namba ya chesisi, ambayo kwa Vitz nyingi za kuanzia 2005 hutanguliwa na KSP90 au SCP90, na amtake muuzaji aliyeko Japani aitazame katika orodha ya kiwanda. Kazi ya wito huko hufanywa bure. Ikisubiri gari lifike bandarini Malindi, gharama huweza kumwangukia mnunuzi.

Kwa gari ambalo tayari liko barabarani, swichi iliyokuwa nzito isipuliziwe mafuta. Ibadilishwe au ifunguliwe na fundi umeme anayeijua kazi. Ikitoka harufu ya kuungua, kioo kisiguswe tena na waya wa betri uondolewe. Mfuko wa hewa usifunguliwe gereji ya mtaani, wala usinunuliwe uliotolewa katika gari jingine.

Mwenye kuwekeza katika gari la kukodisha akumbuke pia bima. Bima ndogo hulipa hasara ya mtu mwingine. Gari lenyewe likiungua, mtaji umekwenda. Tofauti ya bei kati ya Vitz mbili zinazofanana huenda ikawa ndogo, lakini yenye uthibitisho wa matengenezo ndiyo iliyo rahisi kwa hesabu ya mwaka mzima. Muuzaji mwenye karatasi hiyo ana haki ya kudai zaidi, na asiye nayo hana budi kupunguza.