Stelingi akifa: kwa nini mwisho wa tamthilia hutuacha na hasira

Tarehe 10 Juni 2007, Wamarekani karibu milioni 12 walikuwa mbele ya runinga wakitazama sehemu ya mwisho ya The Sopranos, tamthilia ya mkuu wa genge la wahalifu wa New Jersey. Tony Soprano ameketi mgahawani na mkewe na mwanawe. Binti yake yuko nje anahangaika kuegesha gari. Mlango unafunguliwa, Tony anainua macho. Ghafla kioo kinakuwa cheusi na sauti inakatika. Sekunde kama kumi za giza, kisha yanaanza kupita majina ya waigizaji.

Watu wengi walidhani kebo imekatika. Huku kwetu tungesema umeme umekwenda, au kifurushi kimeisha. Walipogundua kwamba hakuna kilichoharibika, kwamba huo ndio mwisho wenyewe, wakakasirika kweli. Miaka minane wamemfuata mtu huyu, halafu wanaachwa gizani bila kuambiwa kama amepigwa risasi au amekula chakula chake akaenda nyumbani kulala. Mabishano hayajaisha hadi leo.

Kama unatazama tamthilia, iwe kwa king'amuzi cha jirani, kwenye kibanda umiza, au kwenye flashi uliyojaziwa senta siku ya gulio, hasira hiyo unaijua. Unamaliza sehemu ya mwisho saa saba usiku, unazima simu, usingizi hauji. Kesho yake shambani ni mjadala tu. Makala haya yanaeleza kwa nini miisho mingi huja vibaya na kwa nini hutuuma namna ile.

Tahadhari kabla hujaendelea: humu kuna miisho ya Prison Break, Sultan na Game of Thrones. Kama bado uko njiani na mojawapo, simamia hapa, urudi ukimaliza.

Mwandishi naye hajui mwisho

Wengi wetu tunafikiri tamthilia hutungwa kama hadithi ya bibi: anayesimulia anajua tangu mwanzo sungura atatoka vipi kwenye mtego. Kwa tamthilia nyingi za Marekani mambo hayako hivyo. Kituo cha runinga hununua msimu mmoja, au sizoni moja kama wauzaji wa flashi wanavyoita. Watazamaji wakiwa wengi, matangazo ya biashara yanalipa, kinanunua msimu mwingine. Wakipungua, kinafunga. Kwa hiyo mwandishi anaandika kila msimu bila kujua kama ndio wa mwisho. Akimaliza hadithi mapema na kituo kikataka zaidi, amebanwa. Asipoimaliza na kituo kikafunga, nyinyi watazamaji ndio mnaobaki mmening'inia.

Mfano mzuri ni Prison Break. Ilianza Agosti 2005, na jina lake ni kutoroka gerezani. Michael Scofield anajichora ramani ya gereza mwilini, anajifungisha makusudi ili amtoe kaka yake Lincoln anayesubiri kuuawa bila hatia. Hadithi hiyo ina mwisho wake ndani: watoke au wasitoke. Wakatoka, mwishoni mwa msimu wa kwanza. Sasa? Kituo kilikuwa kinataka zaidi. Msimu wa pili ukawa wa kukimbizwa. Wa tatu ukawatia gerezani tena, safari hii Panama, na ukafupishwa hadi sehemu 13 kwa sababu waandishi wa Marekani waligoma kati ya mwaka 2007 na 2008. Wa nne ukageuka mambo ya majasusi.

Katikati ya hapo walimuua daktari Sara, mpenzi wa Michael. Lincoln alionyeshwa kichwa ndani ya boksi. Mashabiki walipiga kelele mno, na msimu wa nne Sara akarudi mzima wa afya, tukaambiwa kile kichwa kilikuwa cha mtu mwingine. Mwezi Mei 2009 tukafika mwisho: kaburi la Michael. Filamu ya nyongeza ikaonyesha jinsi alivyojitoa, akigusanisha nyaya za umeme ili mlango ufunguke, Sara aliyekuwa mjamzito atoke gerezani.

Sasa, kila aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua sheria: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kutupwa mtoni, kufungwa kamba relini, lakini hafi. Prison Break ilivunja sheria hiyo, na watu walilia. Mimi naona ulikuwa mwisho wa haki. Michael alianza hadithi kwa kuutoa uhai wake rehani kwa ajili ya ndugu yake. Kumaliza kwa kuutoa kabisa kwa ajili ya mkewe na mtoto kunaendana naye.

Halafu mwaka 2017 wakamfufua. Sehemu tisa mpya: kumbe Michael hakufa, yuko gerezani Yemen. Nilifurahi kumwona kwa dakika tano hivi. Baada ya hapo nikajiuliza yale machozi ya 2009 yalikuwa ya nini. Kifo kinachoweza kufutwa wakati wowote hakimtishi mtazamaji tena, hata kama muziki unapigwa kwa huzuni kiasi gani. Wamarekani waliwahi kufanya kibaya kuliko hicho. Katika Dallas, Bobby Ewing alikufa mwaka 1985. Mwaka uliofuata aliyekuwa mkewe aliamka akamkuta anaoga bafuni, ikabainika msimu mzima uliopita ulikuwa ndoto. Msimu mzima!

Kifo ambacho kila mtu alikijua

Hebu sasa tugeukie tamthilia ambayo wengi wenu mmeitazama kwa Kiswahili kupitia Azam TV: Sultan. Kwa Kituruki inaitwa Muhteşem Yüzyıl. Ilianza kuonyeshwa Uturuki Januari 2011 ikaisha Juni 2014, na inamhusu Sultan Suleiman aliyetawala dola ya Uthmaniya kuanzia 1520 hadi 1566.

Uturuki kazi hufanywa kwa kasi ya kutisha. Sehemu moja hurushwa kila wiki, nayo hukaribia urefu wa filamu mbili fupi. Ndiyo maana ikiuzwa nchi za nje hukatwa vipande. Wanapiga picha huku tamthilia ikiwa tayari inaonyeshwa. Waigizaji huchoka. Ndivyo ilivyotokea kwamba Hurrem tuliyemzoea, Meryem Uzerli, aliondoka mwaka 2013 kabla msimu wa tatu haujaisha, na msimu wa nne Hurrem akaigizwa na Vahide Perçin. Waliokuwa wakiitazama wanakumbuka walivyoshtuka. Sura nyingine, jina lilelile, na hakuna anayeeleza.

Lakini pamoja na hayo yote, Sultan ina somo kubwa kuhusu miisho, na somo hilo ni Mustafa. Mwanamfalme Mustafa, mtoto wa kwanza wa Suleiman kwa Mahidevran, alipendwa na askari na alipendwa na sisi. Mwaka 1553 baba yake alimwita kambini, akaingia hemani, na humo akanyongwa kwa amri ya baba huyohuyo. Hilo limo katika vitabu vya historia. Mtoto wa shule Uturuki analijua. Hapakuwa na siri ya kufichua.

Sehemu hiyo iliporushwa Uturuki Februari 2014, watu walilia kama msiba umetokea jana, na wengi wakaenda Bursa kulizuru kaburi la Mustafa, zaidi ya miaka 460 baada ya kuzikwa. Walisikitika, walimlaani Hurrem, walimlaani Rustem Pasha. Wengine waliona Suleiman halisi ndiye wa kulaumiwa. Ila sikumbuki mtu aliyesema mwisho ule ni wa uongo. Kwa nini? Kwa sababu misimu mitatu na zaidi tulionyeshwa jinsi unavyojengwa. Tuliona wivu wa Hurrem kwa ajili ya watoto wake, kila mmoja akijua kwamba mmoja tu atarithi. Tuliona askari wakimshangilia Mustafa, na macho ya baba yakibadilika kila wanaposhangilia. Tulimwona Ibrahim Pasha, rafiki wa damu wa Suleiman, akiuawa mwaka 1536, na hapo tukajua mtu huyu akiogopa hasazi. Mustafa alipoinama kuingia hemani tulikuwa tunajua kila hatua iliyomfikisha pale.

Kwa hiyo kinachotukasirisha si kifo. Tunakubali kifo, tunakubali hata dhuluma kushinda. Tunachokataa ni mwisho ambao haukutafutiwa njia ya kuufikia.

Khaleesi na kikombe cha kahawa

Kwa hilo hakuna mfano kama Game of Thrones. Nilizitazama sehemu zote 73. Ilianza Aprili 2011 ikitoka kwenye vitabu vya Mmarekani George R. R. Martin. Kitabu cha tano kilitoka mwaka huohuo wa 2011, lakini cha sita hakikutoka, na kufikia mwaka 2016 runinga ilikuwa imeipita kalamu. Watayarishaji wawili, David Benioff na D. B. Weiss, wakabaki na picha ya jumla ya mwisho bila kitabu cha kuwaongoza njiani. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja. Wa saba ulikuwa na saba, wa nane sita tu, ingawa kituo cha HBO kilikuwa tayari kuendelea.

Daenerys, anayeitwa pia Khaleesi, alikuwa ametembea miaka minane akivunja minyororo ya watumwa. Katika sehemu moja kabla ya mwisho, mji umeshasalimu amri, kengele zimelia, na yeye juu ya joka lake anauchoma mji na watu wake, watoto kwa wazee. Sehemu inayofuata, tarehe 19 Mei 2019, mpenzi wake Jon anamchoma kisu. Ufalme anapewa Bran, kijana ambaye kwa muda mrefu hakuwa na la kufanya zaidi ya kukaa na kutazama.

Inawezekana Daenerys kuwa dhalimu? Inawezekana kabisa, dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Suleiman pia alianza vizuri. Lakini safari ambayo Sultan iliipa misimu, hawa waliipa majuma mawili. Marekani mamia ya watoto wa kike walikuwa wameshapewa jina la Khaleesi. Kwetu pia si ajabu mtoto kuitwa jina la mhusika wa tamthilia, kwa hiyo jiweke mahali pa mzazi huyo usiku ule.

Ombi mtandaoni la kutaka msimu wa nane uandikwe upya lilivuka sahihi milioni 1. Halikubadilisha kitu, na tamthilia ikachukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka huohuo. Kuna jambo moja tu HBO walilirekebisha: katika sehemu ya nne, mtu alisahau kikombe cha kisasa cha kahawa mezani mbele ya Daenerys, katika dunia ya mapanga na majoka. Kikombe kilifutwa ndani ya siku mbili. Mwisho ukabaki.

Urafiki wa upande mmoja

Kuna wanaosema haya yote ni utoto, kwamba mtu mzima hawezi kukosa usingizi kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu jambo hili, wakizungumzia redio na runinga pamoja. Walieleza kwamba mtu akisikia sauti au kuona sura ileile siku baada ya siku, hujenga nayo ukaribu unaofanana na urafiki, ingawa upande wa pili haumjui. Wewe unayetusikiliza kila asubuhi unaelewa maana yake. Mtangazaji unayemzoea akiondoka, unauliza yuko wapi.

Redio iliyaona haya kabla ya runinga. Tarehe 22 Septemba 1955, mchezo wa redio wa BBC uitwao The Archers, unaohusu maisha ya wakulima wa Uingereza, ulimuua Grace Archer katika moto alipokuwa akijaribu kumwokoa farasi. Ilikuwa usiku uleule ambao kituo kipya cha runinga, ITV, kinazinduliwa. Simu za wasikilizaji wenye majonzi zilimiminika BBC, na habari za ITV zikafunikwa na msiba wa mtu ambaye hakuwahi kuishi.

Ukitaka kupunguza maumivu, angalia tamthilia inatoka wapi kabla hujaiwekea bando. Za Kikorea mara nyingi zina sehemu 16 hivi na hadithi hupangwa kuishia humo. Za Mexico ni ndefu, lakini huwa na mwisho unaojulikana utafika: mbaya ataadhibiwa na mara nyingi kutakuwa na harusi. Za Kituruki hurefushwa zikipendwa na hukatwa ghafla zisipopendwa. Za Kimarekani, muulize anayekujazia flashi kama imeshaisha au bado inaendelea, na kama imeisha, iliisha au ilifungwa. Wauzaji wazuri wanaijua tofauti hiyo. Muombe tu asikusimulie.