Kigong'ota wa Kichwa cha Manjano

Asubuhi katika pori kubwa la Ituri sauti yasikika juu: ko-ko-ko-ko! Nani anapiga mti? Si mtu mwenye shoka. Ni kigong'ota, na mdomo wake ni mgumu kama patasi.

Ndege huyu hupanda mti uliosimama wima, wala haanguki. Katika kila mguu vidole viwili vyaelekea mbele na viwili nyuma. Manyoya ya mkia wake ni magumu. Huyaegemea kama mzee anavyoegemea fimbo. Ulimi wake ni mrefu, tena hunata. Huuingiza katika tundu na kuvuta funza nje.

Lakini katika pori moja wamo vigong'ota wa namna nyingi. Mtu atawatambuaje? Atazame kichwa kwanza. Madume wengi wana alama nyekundu kichwani. Mmoja hana: manyoya ya utosi wake, upande wa nyuma, ni ya manjano. Uso wake ni mweupe wenye mistari ya giza, na tumbo lake la giza lina madoadoa meupe. Huyu hukaa tangu Kameruni mpaka pori la Kakamega, katika Kenya. Dume akigeuza kichwa, kazi imekwisha.

Shida ni jike. Yeye hana manjano hata kidogo. Utosi wake ni mweusi. Tumbo nalo halitoshi kumtambulisha, maana kigong'ota mwingine wa pori lile lile ana madoadoa tumboni pia. Basi mashavu ndiyo yanayotenganisha: ya huyo mwingine yana doa kubwa la kahawia nyuma ya jicho, ya jike wetu ni meupe yenye mistari.

Wengine humpiga ndege kwa manati ili wamtazame mkononi. Kazi bure! Anayekaa kimya chini ya mti ataona yote, maana kigong'ota akigonga hukaa mahali pamoja kwa muda.

Mahali pazuri pa kungojea ni penye mti mkavu. Watu huuona kuwa kuni tu. Kumbe ndani yake kigong'ota hutoboa tundu na kutaga mayai. Akiondoka, ndege wengine wasioweza kutoboa mti huingia humo na kulea makinda yao. Mti huo ukikatwa, wote hukosa nyumba.